Kona ya Ijumaa

Kwetu Pakokku mtu hakuulizi una umri gani kabla hajakuuliza ulizaliwa siku gani. Siku ndiyo inayokupa jina, ndiyo inayokuonyesha kona yako ya kuombea pagodani, na ndiyo atakayoichunguza mama mkwe kabla hajaitazama sura yako. Mimi ni wa Jumanne, mnyama wangu simba, ndiyo maana sinyamazi. Na kwa kuwa sinyamazi, watu huniletea mambo yao hata nikiapa kwamba sitaki kuyasikia. Haya ya Wai Lwin aliniambia mwenyewe, uani kwangu, huku akichambua maharage niliyokwisha kuyachambua.

Wai Lwin na mumewe Ngwe Khaing, fundi seremala, ni jirani zangu ukuta kwa ukuta. Ngwe Khaing ni wa Jumatatu. Mkewe anajulikana mtaa mzima kuwa ni wa Jumatano, tena Jumatano ya asubuhi, maana ya jioni ni habari nyingine. Jumatatu na Jumatano zinapatana, na Ngwe Khaing hajawahi kumwacha mtu asahau hilo. Mpelekee kiti kilichovunjika mguu, kabla hajakigeuza atakuwa ameshakwambia kwamba yeye na mkewe hawajawahi kurushiana hata kijiko.

Ukweli ni kwamba Wai Lwin alizaliwa Ijumaa. Alipewa jina la Kiijumaa, Thuzar, akakua nalo huko Salin, mpaka Ngwe Khaing alipomwona kwenye sikukuu ya taa akachanganyikiwa. Ijumaa na Jumatatu hazioani. Watu wetu wanaamini kwamba mmoja kati yao atazikwa mapema. Na mama yake Ngwe Khaing alikuwa mtu wa kwenda kwa mnajimu hata akitaka kununua kuku. Basi shangazi aliyemlea msichana akafanya haraka, akambadilisha jina, akambadilisha na siku, akampeleka kwa mshenga akiwa Wai Lwin wa Jumatano. Msichana mwenyewe alikuwa amependa, na aliyependa angekubali kuambiwa amezaliwa hata siku ya nane ya wiki. Shangazi akafa, mama mkwe akafa, uongo ukabaki na mtu mmoja.

Ungebaki hivyo bila kumdhuru mtu kama isingekuwa binti yao, Nilar. Nilar ni wa Jumamosi, na mnyama wa Jumamosi ni joka. Akampenda Phyo, fundi redio, kijana mpole mwenye mama mmoja na pikipiki moja, kumbe wa Alhamisi, panya. Hao nao hawaoani. Ngwe Khaing akakataa. Hakupiga kelele wala hakumtukana kijana wa watu. Alimkalisha mwanawe chini akamwambia, "Tutazame mimi na mama yako. Siku zetu zinapatana, ndiyo maana nyumba imetulia. Siwezi kukuacha uingie motoni huku nauona." Nilar akamgeukia mama yake, na Wai Lwin akainuka kwenda jikoni. Wiki haikwisha, binti akapanda basi kwenda Yangon kutafuta kazi, na kwa miaka miwili hakukanyaga nyumbani, hata wakati wa sikukuu ya maji.

Msimu wa baridi uliopita Nilar akapiga simu mwenyewe. Njooni mtembee, alisema, Baba hajawahi kuiona Yangon. Ngwe Khaing alishonesha kikoi kipya. Wai Lwin alifunga mzigo wake na shauri lake. Juu ya pagoda kubwa, mahali ambapo hakuna anayemjua, angekwenda kwenye kona yake ya kweli, kona ya Ijumaa, aombe radhi. Kisha angemwambia mumewe kila kitu kabla binti hajaja kuwakuta jioni. Ngwe Khaing akishajua kwamba ameishi salama na mwanamke wa Ijumaa, atamkatalia vipi mwanawe kijana wa Alhamisi? Phyo alikuwa amehamia Mawlamyine na hatukuwa tumesikia habari zozote za kuoa. Wai Lwin alihesabu kwamba bado ana nafasi.

Nilar aliwapokea kituoni alfajiri, amekonda, nywele amezikata. Aliwabebea mizigo, akawauliza kama basi lilikuwa na baridi, akawapeleka nyumba ya wageni aliyokwisha kuilipia. Alikuwa na adabu sana, na adabu ile ilimkata Wai Lwin maini, maana mtoto huyu zamani akikukuta njiani alikuwa akikurukia shingoni.

"Mie nawahi dukani," alisema Nilar. Alikuwa akiuza vitambaa. "Nyinyi tembeeni. Jua likianza kuzama mtanikuta chini ya ngazi za kusini za pagoda kubwa. Baba, ukivuka barabara usimfuate mtu. Huku kila mtu anakufa kwa akili yake."

"Nitamshika mama yako," alisema Ngwe Khaing.

Na kweli alimshika. Kuanzia mlango wa nyumba ya wageni alikamata kamba ya mkoba wa mkewe, akawa haiachii. Wai Lwin akisimama, anasimama. Wai Lwin akiingia chooni, Ngwe Khaing anangoja mlangoni na mkoba begani, mwanaume mzima, anasalimia wapitao.

Kwanza walikunywa chai karibu na soko, kwenye vile viti vifupi ambavyo magoti yanakufika kidevuni. Meza ya pili alikaa mama mmoja mnene, thanaka, ile poda ya gome la mti, imemkauka mashavuni, anakula supu ya tambi. Ngwe Khaing hakuweza kujizuia.

"Sisi wa Pakokku," alimwambia. "Mimi Jumatatu, huyu Jumatano. Sijawahi kulala nimekasirika."

"Hongera yako," alisema yule mama. "Mimi na wangu mnajimu alitupigia makofi, siku zilivyopatana. Mwaka wa tatu akahamia kwa muuza bia."

Wai Lwin alimgeukia mumewe. "Umesikia, baba Nilar? Mambo ya siku wakati mwingine ni bahati tu."

"Huyo alidanganywa," Ngwe Khaing alinong'ona, anamwonea huruma mama wa watu. "Yule bwana atakuwa ameficha siku yake. Wapo watu wa hivyo, Wai. Anaingia ndani ya nyumba yako na siku ya uongo, anakula wali wako. Mtu kama huyo sijui analala vipi."

Wai Lwin alikunywa chai yake mpaka kwenye mashapo. Aliniambia kwamba pale pale ulimi ulimganda, na lile shauri alilotoka nalo Pakokku akaliona ni la kijinga. Mimi nikamwambia ungemmwagia chai tu yakaisha. Hakucheka.

Wakatembea. Walitazama maghorofa ya zamani yenye kamba zinazoning'inia mpaka barabarani, mtu wa juu anavuta gazeti lake na mboga zake bila kushuka. Ngwe Khaing alizipenda sana zile kamba. Alisimama chini ya mojawapo akauliza kama zinabeba mtu. Walipanda treni ya mzunguko, ile inayokwenda pole pole mpaka wauza maembe mabichi wanapanda na kushuka bila kuharakisha. Ngwe Khaing alisimulia kuhusu kila mlango wa mbao walioupita, huu msaji, huu si msaji, huu aliyeutengeneza alikuwa na haraka ya kwenda kwa mwanamke. Wai Lwin alicheka, na kucheka kukamuuma, kwa sababu alikuwa anampenda mtu huyu na alikuwa anajiandaa kumvunja.

Mchana walikaa kwenye benchi katika bustani iliyo mbele ya pagoda ya Sule, magari yanazunguka pande zote kama wali unaochemka. Ngwe Khaing alikuwa na mfuko wa mbegu za alizeti. Alizimenya, akazikusanya kiganjani, akampa mkewe zote, kama anavyofanya siku zote, kwa vile meno ya Wai Lwin ni mabovu.

"Mtoto amekonda," alisema.

"Amekonda."

"Ameniita Baba kama anavyomwita mwalimu."

Wai Lwin alitafuna.

"Nakuuliza wewe, Wai, kwa sababu wewe hunidanganyi," alisema Ngwe Khaing. "Nilikosea? Usinionee haya. Usiku nikiamka najiuliza, hivi kama ningemwachia tu yule kijana, ingekuwaje? Halafu nasema hapana, siku ni siku. Mie nimeona faida yake ndani ya nyumba yangu, nitamnyimaje mwanangu? Lakini nilikosea?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Mlango uliachwa wazi na mtu mwenyewe amesimama kando kumpisha. Wai Lwin alifungua mdomo, mbegu bado zimo, akaona jinsi mumewe anavyomtazama, uso mzima umemwelekea. Akasema, "Ulifanya kwa kumpenda."

"Sawa basi," alisema Ngwe Khaing, na mabega yake yakashuka kwa faraja. Wai Lwin akaona afadhali angempiga kofi.

Alijichukia kuanzia pale mpaka jioni. Hakuona tena mji. Sokoni Ngwe Khaing alimwonyesha vito, vinyago na meza zilizong'arishwa kwa vanishi, naye akawa anaitikia tu. Mumewe alidhani amechoka na miguu, akamwambia wawahi pagodani wakapumzike kwenye marumaru kabla Nilar hajafika.

Walivua ndara chini, wakapanda ngazi za kusini. Juu watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mimi kwenye sikukuu yoyote ya Pakokku, na dhahabu yote ile ya pagoda imewaka kwa jua la mwisho. Wai Lwin alipiga magoti papo hapo akalia kidogo. Ngwe Khaing alilia pia, yeye kwa raha. Kisha akasema wagawane, kila mtu aimwagie maji sanamu ya mnyama wa siku yake kwenye kona yake, kama nyumbani.

"Wewe tembo wako ni huyu hapa karibu na ngazi," alisema. "Mimi chui milia wangu yuko upande wa mashariki. Nikizunguka nitarudi hapa hapa. Usibanduke, Wai. Nikikupoteza hapa nitakupata Mandalay."

Kwa mara ya kwanza siku ile aliachia kamba ya mkoba. Wai Lwin alingoja kikoi kipya kipotee kwenye umati, halafu akashika njia. Aliharakisha miguu peku, akawapita watawa na watu wanaofagia kwa mstari mmoja, mpaka upande wa kaskazini, kwenye sanamu ndogo ya simbilisi, mnyama wa Ijumaa, na juu yake Buddha mdogo anayemeta kwa maji. Hapakuwa na foleni. Alichukua kikombe.

Aliniambia hakujua aanze vipi. Tangu aolewe alikuwa akimwagia tembo asiye wake, akimwombea mtoto wake mbele ya mnyama asiyemjua. Alimwagia Buddha kikombe cha kwanza akataja jina lake, Thuzar, kwa sauti, na jina lilimtoka kama la mtu aliyewahi kukaa naye chumba kimoja. Akamwaga cha pili. Akaomba radhi kwa Nilar. Akaendelea kumwaga, kikombe kwa kila mwaka wa umri, na nusu yake hajafika akasikia mtu anacheka kwa upole nyuma yake.

"Umepotea, mke wangu," alisema Ngwe Khaing. Alikuwa amezunguka mapema, hakumkuta, akatoka mbio kumtafuta. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Huyu ni simbilisi. Macho nayo yanazeeka. Lete hicho kikombe, twende kwa tembo wako, ukimkosea siku unaweza kuharibu mambo."

Alikwisha kukishika kikombe. Alikuwa anakivuta taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Sijapotea," alisema Wai Lwin.

"Hapa ni Ijumaa, Wai."

"Najua ni Ijumaa. Mie ni wa Ijumaa." Kisha yakatoka yote pamoja, yamechanganyikana, Salin na shangazi na mshenga na Thuzar. Mwanamke mmoja aliyekuja kumwagia maji alisikia nusu yake akaamua kuzunguka tena.

 Ngwe Khaing alikaa chini kwenye maji yaliyomwagika, na kikoi chake kipya kikalowa.

"Mama yangu aliwahi kujua?" aliuliza hatimaye.

"Hakujua."

"Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa Jumatatu na Ijumaa."

"Ndiyo."

"Na mimi sijafa."

"Hujafa, baba Nilar."

Alikitazama kile kikombe. Wai Lwin alingoja matusi, maana alistahili, na alikuwa ameshajipanga kuyapokea. Ila Ngwe Khaing ni mtu ambaye akili yake huenda polepole lakini hufika, na sasa ilifika kwingine kabisa. Uso ulimbadilika.

"Basi yule kijana hakuwa na kosa," alisema. "Mwanangu alikuwa anaolewa vizuri tu, na mimi nikamfukuza na siku ambazo hata kwangu hazikuwa za kweli." Alijipiga paja kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu. "Ulikuwa umekaa pale. Mbona hukuniambia pale pale?"

"Niliogopa."

"Kuniogopa mimi?"

 Nani amewahi kumwogopa Ngwe Khaing? Hata kuku zangu hawamwogopi.

Aliinuka, kikoi kinachuruzika. Akammalizia mkewe vikombe vilivyobaki, hesabu nzima. Alipomaliza akamwambia, "Twende. Tumwambie leo hii. Mawlamyine si mbali. Nitakwenda mwenyewe nimpigie magoti mama yake Phyo." Na walivyoshuka zile ngazi alitangulia, anashika ukuta, anaharakisha, anasema peke yake mambo ya kadi na mapishi na mbao za kitanda atakachowatengenezea. Wai Lwin alikuwa nyuma yake, na kwa dakika zile chache, aliniambia, alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo. Alidhani amesamehewa na kila kitu kimerudi mahali pake.

Nilar alikuwa chini, amesimama kando ya wauza maua, bado amevaa sare ya duka. Ngwe Khaing hakumsalimia.

"Mwanangu," alisema, "yule Phyo. Mtafute. Mimi sina neno tena, nilikosea. Mpigie sasa hivi, mwambie Baba amesema ndiyo."

Nilar alimtazama baba yake, kisha kikoi kilicholowa, kama anayekagua kwamba mzee hajaugua.

"Baba, Phyo ameoa," alisema. "Mvua zilipokwisha tu. Alinipigia simu kuniaga, nikawatumia shuka za kitanda."

Ngwe Khaing alibaki na mkono hewani.

"Alisubiri miaka miwili," alisema Nilar. "Nikamwambia asisubiri, Baba habadiliki. Ndipo nikawaita nyinyi mje. Niliona sasa yamekwisha, naweza kuwaona tena bila kuwadai kitu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kwa nini leo? Kumetokea nini?"

Hili namsifia Ngwe Khaing mpaka nitakapokufa: alifunga mdomo. Angeweza kumtaja mkewe, ana haki, lakini alitazama maua. Alimwachia aseme mwenyewe au asiseme.

Wai Lwin alisema. Safari hii kwa mpangilio, polepole, hadi mwisho, watu wanapita katikati yao na viatu mikononi. Nilar alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, binti aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile ninakutazama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Baba alikuwa anaamini," alisema Nilar. "Wewe ulikuwa unajua."

Hakusema zaidi, na mpaka leo hajasema. Anapiga simu kila mwezi, anauliza hali ya meno, anatuma dawa. Akizungumza na baba yake sasa wanacheka, nawasikia ukutani. Kisha simu inapewa Wai Lwin, na kicheko kinakwisha.

Jioni ile Nilar alisema tu kwamba mmechoka, twendeni tukale, kuna mahali pana kari nzuri ng'ambo. Akampa baba yake mkono, akamwongoza kati ya magari kwa ustadi wa mtu wa mji. Wai Lwin alichelewa kuvaa ndara, akabaki ukingoni, mabasi yanapita mbele yake moja baada ya jingine, hakuna anayeshika kamba ya mkoba wake.

Walipofika ng'ambo Nilar aliendelea kutazama mbele. Ngwe Khaing ndiye aliyegeuka. Alimwona mkewe, akafungua mdomo amwite, akakwama. Jina la Wai halikutoka, na la Thuzar hakuwahi kulitamka maishani mwake. Alisimama hivyo mdomo wazi, kisha akampungia mkono tu, kama mtu anayemwita mgeni ambaye hamjui jina.